Joto la siku ya nane

Saa nane usiku na mtoto ndio amelala sasa hivi, kifuani kwangu, nikijaribu kumlaza kitandani anaamka, kwa hivyo naandika na kidole gumba kimoja na makosa mtanivumilia. Baba yake yuko zamu ya usiku. Thamomita ilisoma 38.6 saa sita, sasa inasoma 37.9.

Wiki iliyopita nilimpeleka kliniki akachomwa chanjo ya surua, ile ya miezi tisa, na nesi alinieleza vizuri kabisa, "Mama, hii si kama zile za kwanza, joto linaweza kuja baada ya wiki hivi, hata vipele kidogo, usishtuke, mpe dawa ya homa na anyonye sana." Leo ni siku ya nane. Nilikuwa nahesabu. Na bado joto lilipokuja nilikaa kwa kitanda na chupa mkononi, nimeshapima mililita tano kwa kile kibomba cha plastiki, mtoto analia, na mkono hauendi. Akili inajua, mdomo umeshamwambia pole mama fungua kinywa, lakini mkono umekataa kabisa kama si wangu. Labda ilikuwa dakika moja, labda tano, sijui.

Huo mkono ndio nataka kuandika juu yake, juu nimekuwa nikiwaambia watu kwamba nilitoka kwa kanisa la wazazi wangu 2017 na nikamaliza.

Kanisa tulilokuwa silitaji jina. Waliobaki huko ni watu wangu, mama yangu yuko huko. Ni upande wa Mwingi, Ukambani, nyumba kama arobaini hivi, sisi tuliitana ndugu na dada na wengine wote walikuwa watu wa dunia. Nguo nyeupe, kitambaa cheupe kichwani tangu unajua kutembea, hakuna redio, hakuna kupigwa picha, shule ni mpaka ujue kusoma Neno basi. Na hakuna dawa. Si ya hospitali tu, hata ile mizizi ya kuchemsha ya susu, nyanya yangu, ilikataliwa, ukiugua unaombewa na ukipona ni Mungu na usipopona ni Mungu.

Mwaka wa 2023 mwezi wa nne zile habari za Shakahola zilipoanza kutoka, makaburi ya watu wa kanisa moja waliofunga mpaka wakafa yanafukuliwa kule msituni Kilifi, wakafika watu zaidi ya mia nne, kila mtu kazini alikuwa anauliza swali moja, mtu mzima anakubali aje kufuata kitu kama hicho? Mimi nilikuwa nainama kwa cherehani nashona kola za sare za shule na sisemi kitu. Kwetu hakuna aliyeambiwa afunge mpaka afe, tusichanganye mambo. Lakini lile swali nilijua jibu lake, na jibu ni kwamba hakuna mtu anayeingia kwa mlango wa kifo. Wazazi wangu waliingia wakati wa ule ukame wa 1996 kuingia 1997. Baba alikuwa mlevi wa kuokotwa njiani, mifugo imeisha, mama ana watoto wawili na sufuria haina kitu, na wale watu wakaja na gunia nusu la mahindi, wakakaa na baba siku kumi na moja usiku na mchana wanaimba akitetemeka, na baba hakugusa pombe tena. Mpaka leo hajagusa. Mvua ziliponyesha wakaja watu ishirini wakatulimia shamba kwa siku mbili. Sasa mwambie mama yangu hao watu ni wabaya uone kama atakuelewa.

Mimi nilizaliwa baada ya hapo, nyumbani, mvua za El Nino bado hazijaisha, na mama hakuandika tarehe popote.

Watu wa chanjo ya polio walikuwa wakija nyumba kwa nyumba na yale makasha yao ya baridi, na tukiambiwa wameonekana mama zetu wanatuchukua mbio tunashuka mtoni, ule mto wetu wa mchanga usio na maji juu, tunakaa chini ya kingo mpaka jioni, watoto wote kimya, hata wadogo walijua kunyamaza. Alafu siku ya soko unaona watoto wa dunia wana wino kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Sisi vidole vyetu vilikuwa safi na tulifundishwa kujivunia.

Mdogo wangu alikuwa wa miaka mitatu. Hiyo ilikuwa 2006, surua ilikuwa imezunguka sehemu nyingi za nchi na kwetu ikafika. Ilianza na macho mekundu na kikohozi, kisha vipele nyuma ya masikio vikashuka uso mpaka tumbo, watoto wengine kama saba walishika pia na wakapona, kwa hivyo mwanzo hakuna aliyeogopa sana. Lakini yeye kifua kilikataa. Usiku wa sita alikuwa anapumua na mbavu zinaingia ndani, kila pumzi unaona pale chini ya mbavu panabonyea kama mtu amebonyeza na kidole. Nyumba ilijaa watu. Waliimba usiku kucha, na niseme ukweli, sijawahi kusikia uimbaji kama ule tena popote, walimpenda yule mtoto, kuna mama mmoja alimshika mapajani saa nyingi mpaka miguu yake ikafa ganzi ikabidi ashikwe ndio asimame.

Alfajiri nilitoka nje kukojoa. Ng'ambo ya mto kuna zahanati, ilikuwa hapo miaka yote, ukitembea hata saa moja haifiki, na jua lilikuwa ndio linatokea likapiga lile paa la mabati likang'aa. Nikaliangalia. Nilikuwa na miaka minane, sikusema neno, nilifikiria tu, kama tungeenda pale. Ni hivyo tu. Nikarudi ndani na kabla uji haujachemka akawa ameenda.

Siku tatu baadaye mzee alisimama kwenye maombi akasema ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu mwenye shaka, na shaka ya mtu mmoja inatosha kuziba maombi ya wote. Hakutaja mtu. Baadaye sana nilikuja kujua mama alijua ni yeye anasemwa. Baba naye alifikiri ni yeye. Mimi nilijua ni mimi, kwa sababu ya lile paa. Watu watatu nyumba moja, tunakula muthokoi kwa sahani moja, kila mmoja anajua moyoni ndiye aliyemuua mtoto, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Nilibeba hiyo kitu miaka kumi na moja.

Watu huwa wanasubiri niseme nilitoroka juu ya kupigwa au kuozwa mzee. Hapana. Nilikuwa nimeposwa ndio, lakini kijana mwenyewe alikuwa mzuri, mpole, alikuwa ananitengenezea kamba za mitungi. Kilichonitoa ni kwamba walipopanga siku nikaanza kufikiria watoto, na kila nikimfikiria mtoto namuona pale kifuani panapobonyea, na mimi nimesimama mlangoni na paa linang'aa ng'ambo. Nikajua sitaweza. Si kwamba nilikuwa nimeacha kuamini, niliamini kabisa, niliamini nikitoka nitaungua, lakini nikaona bora niungue mimi.

Siku yenyewe nilienda mtoni na punda saa kumi na moja asubuhi kama kawaida. Nilichota polepole pale shimoni mpaka mitungi yote minne ikajaa, nikamfungia punda mzigo vizuri, nikamgeuza nikampiga kofi la mgongoni akaenda, punda anajua njia ya nyumbani. Nilitaka maji yasikosekane siku hiyo. Kisha nikavuka mto. Mama aliniambia baadaye alimuona punda anaingia boma peke yake na mzigo haujamwagika hata tone akajua.

Susu, mama ya mama, hakuwahi kujiunga na wale watu na alikuwa ameacha hata kuwalaumu. Hakuniuliza chochote. Alinipa chai, akanipa leso yake ya maua nivae juu ya ile nguo nyeupe, alafu akapanda juu ya kitanda akashusha sanduku la bati akafukua kopi ya kitambulisho cha mama, ya zamani, imekunjwa mara nne mpaka mistari imekatika. Akaniambia, "Shika hii, huko bila karatasi wewe si mtu." Kesho yake nilikuwa kwa basi naenda Nairobi kwa mama mdogo, Kayole.

Na susu alisema kweli. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini, bila laini huna M-Pesa, bila M-Pesa nani atakulipa. Na kitambulisho wanataka cheti cha kuzaliwa, na cheti wanataka karatasi ya hospitali uliyozaliwa, na mimi nilizaliwa kwa mvua. Barua ya chifu, rudi, leta nyingine, rudi. Mwisho wakasema niende hospitali ya serikali nikapimwe umri, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia hospitali, nikiwa msichana mzima, natetemeka, daktari ananiambia panua mdomo anaangalia meno ya nyuma. Nilifikiri akinigusa tu kitu kitatokea. Hakuna kilichotokea. Aliandika mwaka kwa karatasi, 1998, akaita mwingine. Kitambulisho nilipata mwaka uliofuata na siku hiyo nilikaa kwa kiti cha matatu naangalia ile picha, picha ya kwanza ya uso wangu, mpaka kondakta akanigusa bega kunikumbusha nauli.

Ngumbaru nilisoma jioni, nilijua kusoma Biblia ya Kikamba lakini Kiingereza sikuwa na hata neno. KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, nilifanya 2019 nimekaa na wamama wa miaka hamsini. Ushonaji nikajifunza kwa fundi. Hiyo sehemu ilikuwa ngumu lakini ilikuwa ngumu ya kawaida, ya kuchoka mwili, unalala unaamka.

Kile ambacho hakuna aliyeniambia ni upweke wa kutoimbiwa. Kule nikiwa na homa nyumba inajaa. Huku nilishikwa na malaria 2018, nikapewa dozi ya siku tatu kwa karatasi ya khaki, nikakunywa nikilia, nikapona peke yangu kwa chumba na jirani hakujua hata jina langu. Nilipona. Lakini nilipona bila mtu, na siku hiyo ndio nilikaribia kurudi kuliko siku nyingine yoyote.

Kitu kingine ni mkono wa kushoto. Kazini siku moja joto lilizidi kila mtu akakunja mikono ya nguo, na nikaona wote, wote kabisa, wana kaalama kwa mkono wa kushoto chini ya kiwiko, kovu la chanjo ya kifua kikuu wanayochomwa wakizaliwa. Wangu hauna. Nilishusha mkono wa nguo. Hakuna aliyekuwa anaangalia, lakini mimi nilijiona kama mtu aliyeingia nchi bila kugongwa muhuri.

Mtoto wangu alichomwa siku ya kwanza duniani. Kakatoka kipele, kakatunga, kakapona, kakaacha alama ndogo kama punje ya wimbi.

Desemba nilimpeleka kwa susu. Nilikuwa nimetuma habari na sikutegemea, juu aliyetoka hesabu yake ni kama amekufa, hawali naye sahani moja. Mama alikuja. Peke yake, jioni, na kitambaa chake cheupe, amezeeka jamani, akakaa kwa kigoda na akanyoosha mikono bila kunisalimia nikampa mtoto. Akamkagua vile wamama hukagua, vidole, masikio, shingo. Akafika kwa ule mkono. Akaweka kidole gumba juu ya ile alama na akakiacha hapo. Susu alikuwa anapepeta mahindi akaacha kupepeta.

Mama akaniuliza, "Alilia?"

Nikamwambia, "Kidogo tu, mwaitu. Alinyonya akalala."

Akatingisha kichwa. Akashusha mkono wa kisweta akafunika, akamuombea mtoto kwa sauti ya chini, akanirudishia, akasema giza linaingia. Nilimsindikiza mpaka kwa mti wa mkwaju na hatukuongea. Sikumwambia kuhusu lile paa. Nilikuwa nimeenda na hayo maneno kutoka Nairobi, nimeyapanga, na yalikataa kutoka, na nafikiri yeye pia alikuwa na yake. Nitarudi mwezi wa nane na nitamwambia, hata kama tutakuwa tumesimama njiani.

Leo usiku mkono ulipokataa nilijua ni nani anaukamata. Ni yule mtoto wa miaka minane. Kwake yeye kutoa dawa ni shaka na shaka inaua, ameona kwa macho yake. Sikumkemea. Nilianza kuimba, ule wimbo wao wa usiku ule, kwa Kikamba, kwa sauti ya chini majirani wasiamke, na nikiwa kwa ubeti wa pili nikaweka kibomba pembeni mwa shavu nikasukuma pole pole, akameza, nyingine akaitema kwa kanga yangu, akameza tena. Nikamaliza wimbo wote.

Nimepima tena, 37.4. Ametoka jasho kwa shingo. Ameanza kutafuta ziwa, wacha niweke simu chini.