Si uchovu, daktari

Mpwa wangu ni kijana bado, lakini nywele za mbele zimeanza kurudi nyuma. Juzi akaniuliza, "Mjomba, ile dawa ya nywele uliacha kwa nini?" Nikamjibu kwa mkato kwamba ilinikataa, maana palikuwa na watu. Jibu refu ni hili.

Ilikuwa finasteraidi, kidonge cha miligramu 1 kila siku, na kwa haki kabisa, nywele ilizishika. Baada ya miezi kadhaa ziliacha kujaa kwenye mto, na utosini pakaanza kuota vinywele laini. Yaliyofuata yalikuja polepole mno hata sikuyaunganisha na dawa. Hamu ya tendo la ndoa ilipungua, nikawa nawahi kulala. Kisha chuchu ya kushoto ikaanza kuuma kila ninapovaa fulana.

Chuchu ndiyo iliyotupeleka hospitali. Mke wangu alikataa katakata niende peke yangu, kwa kuwa sote wawili tulikuwa tunawaza saratani na hakuna aliyetaka kulitamka neno hilo. Daktari alinilaza chali, akaniambia niweke mikono nyuma ya kichwa. Akashika titi kwa kidole gumba na cha shahada, akawa anavisogeza taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati. Chini ya chuchu vikakutana na kitu kigumu cha duara, kama kifungo cha shati kilichoshonewa ndani ya ngozi. Niling'ata meno. Akahamia upande wa pili, akakuta laini. Akauliza dawa ninazotumia. Nilipotaja ya nywele, akaweka kalamu mezani.

"Na nyumbani, mambo yakoje?"

Swali nililielewa, ila ulimi ulikuwa mzito. Mke wangu ndiye aliyejibu, haraka haraka, macho chini: "Amechoka tu, daktari. Kazi zimemzidi."

Kumbe muda wote ule alikuwa ameniwekea udhuru, na pengine alikuwa anajituliza nao yeye mwenyewe kila nilipomgeuzia mgongo. Nikasema, "Si uchovu." Nikaeleza yote, mbele yao wawili, kwa mara ya kwanza.

Daktari alitufafanulia. Mwilini kuna kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni nyingine, DHT, na hiyo DHT ndiyo inayodumaza vinyweleo vya utosini kwa mwenye asili ya upara. Kidonge hukizuia kimeng'enya hicho, na DHT katika damu hushuka kwa takriban asilimia 70. Testosteroni isiyogeuzwa huongezeka kidogo, na sehemu yake huishia kuwa estrojeni, homoni ya kike inayokuza matiti. Kile kifungo kilikuwa tishu ya titi iliyoamshwa, haikuwa saratani. Akaniagiza niache dawa, na akanionya kwamba hushusha karibu nusu PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza saratani ya tezi dume, hivyo anayenipima lazima ajue.

Nyumbani nikasoma mpaka usiku. Katika majaribio ya awali, wanaume 3.8 katika kila 100 walipata matatizo ya tendo la ndoa, na waliomeza vidonge visivyo na dawa walikuwa 2.1. Ni wachache. Lakini mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka maelezo ya dawa yaseme kwamba kwa baadhi ya watu matatizo huendelea hata baada ya kuacha. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mke wangu akaniuliza ninasoma nini, nikamwonyesha. Akasema, "Mimi nilidhani umenichoka."

Maumivu yaliisha, uvimbe ukanywea, na hamu ikarudi, kwanza kwa kusitasita. Nywele nazo zikaenda zake. Sijui kama ningepewa kuchagua upya, nikiwa na umri ule na hofu ile ya kipara, ningekataa. Rafiki yangu mmoja anaimeza hadi leo, nywele zimetulia, hana lalamiko lolote, wala sina sababu ya kumwambia aache. Nilimuuliza kitu kimoja tu, kama mkewe anajua. Akasema hapana, ni kidonge cha nywele tu. Nimemsihi amwambie.