Masale ya Mpaka

Nimekuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu huku Uchaggani kwa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka saba kati ya hiyo nimeficha jambo ambalo leo naliandika kwa mara ya kwanza. Kaka yangu alipofariki, kabla udongo wa kaburi lake haujakauka, niling'oa masale, ile mimea ya kuwekea mpaka, yaliyotenganisha kihamba chake, yaani shamba la urithi, na changu, nikayapanda hatua tatu upande wake. Migomba sita ikawa yangu. Shemeji hakusema neno.

Tangu hapo nimeacha mambo mengi. Niliacha pombe ya mbege, nikaacha hasira iliyowatisha wanangu, nikaanza kufunga kila Ijumaa, na ndugu wa usharika walishuhudia kwamba Bwana amenigeuza. Hayo yote niliyatoa kwa hiari kwa sababu hayakugusa masale yale. Kila nilipoacha jambo jingine nilihisi nimelipa, kana kwamba Mungu angeridhika na mengine yote na kuniachia hilo moja.

Nilikuwa hata na andiko la kujificha. Katika Warumi 12:2 Paulo hasemi tujigeuze, anasema mgeuzwe. Basi nikajiambia kwamba kazi hiyo ni ya Mungu, nami ningoje wakati wake. Ni kweli kwamba kazi ni yake, lakini mimi sikuwa nangoja, nilikuwa nimeshikilia. Waliookoka katika ule uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, walijulikana kwa kuungama dhambi bila kuzizungusha na kurudisha walichoiba, kama Zakayo alivyoahidi kurudisha mara nne. Mimi nilikuwa nikiungama kila Jumapili pamoja na usharika mzima, kwa maneno ya liturujia, ambamo migomba haitajwi.

Jumamosi iliyopita niliamka kabla ya jua kuchomoza, nikaling'oa sale la kwanza. Mizizi ilikuwa imeshika sana, na ilinichukua asubuhi nzima kuirudisha safu yote mahali ambapo baba yetu aliipanda. Kisha nikachuma jani moja, kwa kuwa kwetu jani hilo hilo la mpaka ndilo mtu hulichukua anapokwenda kuomba msamaha, nikaenda mlangoni kwa shemeji na kumweleza kila kitu, pamoja na mikungu niliyokata na kuuza.

Alinisikiliza akiwa amesimama. Hakulipokea jani mkononi. Alinionyesha dirisha, nikaliweka pale.

"Shemeji," akasema, "shamba hili ni la watoto wa kaka yako. Wanafunga shule mwezi ujao. Uje uwaambie wao."

Nimeandika tarehe hiyo kwenye kalenda ya kanisa iliyo ukutani, na jana usiku nilijikuta natafuta safari ya kunitoa nyumbani siku hiyo.