Wema Uliobebwa Ndani ya Baiskeli

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Neno letu wiki hii ni Mathayo 6:3-4: "Bali wewe utoapo sadaka, hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume, sadaka yako iwe kwa siri, na Baba yako aonaye sirini atakujazi."

Namleta kwenu Gino Bartali, mwendesha baiskeli wa Italia, mzaliwa wa Ponte a Ema karibu na Florence, mwaka 1914. Alitwaa Giro d'Italia, mashindano makubwa ya baiskeli ya kuizunguka Italia, mara tatu (1936, 1937 na 1946) na Tour de France, yale ya Ufaransa, mara mbili, 1938 na 1948. Miaka kumi kati ya ushindi mmoja na mwingine, na vita katikati! Mwaka 1936 mdogo wake Giulio alifariki kwa ajali ya mashindano ya baiskeli, na Gino nusura aache mchezo. Alikuwa Mkatoliki wa sala na Misa, hata wakamwita Gino Mcha Mungu.

Septemba 1943 majeshi ya Ujerumani yaliikalia Italia ya kaskazini na ya kati, na Wayahudi wakaanza kusakwa na kupelekwa kwenye kambi za mauti. Kardinali Elia Dalla Costa, Askofu Mkuu wa Florence, aliungana na Wayahudi wenyewe kuwaficha watu kwenye nyumba za watawa na kuwatafutia vitambulisho bandia. Bartali akawa mpelekaji. Picha na karatasi zilisokotwa zikatiwa ndani ya mabomba ya fremu ya baiskeli yake, naye akakanyaga hadi mji wa Assisi, zaidi ya kilomita 150, kisha akarudi na vitambulisho vilivyochapwa huko. Askari wakimsimamisha, huwaomba wasiiguse baiskeli: kila kifaa kimepimwa kwa ajili ya mwendo. Nao humwachia. Nani angeshangaa kumkuta bingwa barabarani akifanya mazoezi?

Hapo ndipo moyo wangu ulipokwama. Sisi huona umaarufu kuwa adui wa unyenyekevu, na mara nyingi ni kweli. Kwa Bartali, jina lililojulikana na kila mtu ndilo lililoificha sadaka yake. Aliweka hatarini miguu iliyompatia riziki, na uhai wake pia, maana alikamatwa na kuhojiwa palepale Florence. Familia moja ya Kiyahudi, ya Goldenberg, aliihifadhi yeye mwenyewe.

Vita vikaisha, hatari ikapita, akaendelea kunyamaza. Hilo naliona gumu kuliko safari zenyewe. Mwanawe Andrea alisimuliwa kidogo kidogo, tena kwa sharti la kutosema. Bartali alikuwa akisema kwamba wema hutendwa, hausemwi, na kwamba ziko medali za kutundikwa rohoni, si kwenye koti. Alifariki Mei 5, 2000. Yad Vashem, taasisi ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa, kule Yerusalemu, ilimtambua kuwa Mwenye Haki Miongoni mwa Mataifa mwaka 2013, heshima wanayopewa wasio Wayahudi waliohatarisha maisha kuwaokoa Wayahudi.

Ndugu zangu, tumezoea kupeleka unga na mafuta kwa mjane, kisha tunampanga katikati yetu tupige picha. Ameushika mfuko kwa mikono miwili, hajui atazame wapi. Jioni picha iko kwenye makundi yote ya simu, na watoto wake shuleni wataulizwa. Jambo hili linaniuma.

Mtu atanijibu kwa Mathayo 5:16, kwamba nuru yetu iangaze mbele ya watu. Ni kweli, na Bartali hakuificha imani yake hata siku moja. Italia nzima ilijua anamwomba nani. Alichofunga mdomo juu yake ni shida za watu waliomkimbilia, maana hizo hazikuwa zake kuzitangaza.