Baba anauliza mpira uko wapi

Baba yangu haoni tena. Macho yalianza kufifia taratibu, na huu ni mwaka wa nne anaangalia mpira kwa masikio. Mwenyewe bado anasema "kuangalia", nami sijawahi kumsahihisha. Anakaa karibu kabisa na televisheni, sikio lake zima kaelekeza kwenye spika, na mimi kazi yangu ni kumjazia mapengo.

Jumamosi iliyopita mapengo yalizidi. Dakika ya 78, timu ziko sare ya bao moja kwa moja, kona inapigwa. Mtangazaji yuko katikati ya tangazo la kubeti: pakua, jisajili, pata bonasi. Ghafla uwanja mzima ukalipuka. Nilitaka kusema, Baba akaninyooshea kidole ninyamaze, apate kusikia. Yule bwana akamalizia kwanza bonasi yake, ndipo akapaza sauti: "Goooli!" Baba akanigeukia.

"Nani kafunga? Mpira ulikuwa wapi?"

Nikamweleza: kona ya kulia, beki wa kati kaupiga kichwa kwenye nguzo ya kwanza, kipa kaugusa kwa ncha za vidole tu. Alitikisa kichwa polepole. Namjua. Alikuwa ameshapewa bao lililopoa.

Matangazo yenyewe siyapingi, maana mpira wa televisheni una gharama na lazima kuwe na wa kulipa. Hata tangazo la kwanza lililoruhusiwa kisheria kwenye televisheni ya Marekani lilibebwa na mchezo. Ilikuwa tarehe 1 Julai 1941, kabla ya mechi ya besiboli ya Brooklyn Dodgers na Philadelphia Phillies. Saa za Bulova, sekunde 10, kisha watu wakaachiwa mchezo wao. Baadaye mambo yakageuka. Kwenye Super Bowl ya kwanza, fainali ya mpira wa Kimarekani, Januari 1967, mpira wa kuanzia kipindi cha pili ulirudiwa kwa sababu kituo cha televisheni cha NBC kilikuwa bado kwenye matangazo. Mchezo ukaanza kumsubiri mdhamini.

Kwa kawaida soka haina mapumziko ya kuuza katikati ya dakika 45. Kwa hiyo tangazo likatafuta pa kupenya: kwanza likakaa kwenye kona ya kioo, pembeni ya saa, na sasa limeingia kinywani mwa mtangazaji. Kwenye IPL, ligi ya kriketi ya India, waliwahi kufika mbali zaidi: mpira ukivuka mpaka bila kugusa ardhi, pigo la pointi sita, msimuliaji alilitaja kwa jina la kampuni ya majengo, "DLF Maximum". Hapo ndipo ninapoumia mimi. Nafasi ya kuuza ipo tele, lakini ile pumzi ya kwanza ya mshangao ingeachwa iwe ya mchezo. Kwa Kiswahili anayetusimulia mechi na anayetuuzia bidhaa wote tunawaita watangazaji, na sikuwahi kuliona hilo kuwa tatizo mpaka wakawa mtu mmoja, ndani ya sentensi moja.

Rafiki yangu mmoja huniambia dawa ni kuwaondoa kabisa. NBC ilijaribu, tarehe 20 Desemba 1980, mpira wa Kimarekani, New York Jets na Miami Dolphins: mechi nzima bila mtangazaji, kelele za uwanja tu na maandishi kwenye kioo. Maandishi! Baba angebaki peke yake kabisa.

Ninachokitaka kipo. Tarehe 8 Aprili 1974 mchezaji wa besiboli Hank Aaron alipopiga "home run" yake ya 715, yaani pigo la kuvusha mpira nje ya uzio, na kuvunja rekodi ya Babe Ruth, mtangazaji Vin Scully aliufuata mpira kwa maneno mpaka ulipovuka uzio, kisha akakaa kimya muda mrefu, akawaachia mashabiki wapige kelele zao. Jumapili nilimwekea Baba sauti hiyo. Besiboli haijui, na Kiingereza chake ni kidogo, ikabidi nimnong'oneze: mpira uko juu, unaelekea nyuma, karibu na uzio, umepita. Nilitaka kuongeza jambo, kidole kikanyanyuka. Kelele za uwanja zikaenda, zikaenda, zikatulia.

"Irudishe mwanzo," akasema. "Safari hii usiniambie kitu."