Sabufa ya inchi 15 iliyonishinda sebuleni

Sebule yangu ni mita 4 kwa 3.5. Muuzaji aliniambia nikitaka sinema ya kweli nichukue inchi 15, na boksi limeandikwa "wati 3000". Nikabeba. Jioni ya kwanza kila mlipuko ukawa mvumo uleule, vioo vya dirisha vinatetema, jirani anagonga ukuta.

Nilipogeuza sabufa na kusoma kibandiko cha nyuma ndipo nilipoelewa: zile 3000 ni PMPO, namba ya kuuzia. RMS, nguvu inayoweza kutoa mfululizo, ilikuwa 150 tu. Nikabadilisha, nikachukua inchi 10 ya boksi lisilo na tundu, RMS 200. Tundu huongeza kishindo, lakini chumba kidogo chenyewe kinavimbisha besi. Kwenye urefu wa mita 4, sauti ya karibu hezi 43 (mitetemo 43 kwa sekunde) hugonga kuta na kujilundika.

Kwenye kona bado ilivuma. Nikaipandisha sabufa kwenye kochi ninapokaa, nikapiga muziki wenye besi, nikatambaa kando ya kuta nikisikiliza (watoto walicheka hadi machozi). Besi ilisikika kavu, bila mvumo, karibu na meza ya TV, nikaihamishia sabufa hapo, ndipo ilipo mpaka leo. Krosova, yaani mpaka ambao sauti za chini yake huenda kwenye sabufa, nimeweka hezi 80.