Ya tatu mpe jembe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeomba kwa shida. Napiga magoti, naanza vizuri na wagonjwa wa jumuiya na watoto walio kwenye mitihani, lakini nikifika kwa mama yangu mzazi nalirukia jina lake naenda kwenye ombi linalofuata. Kilichonifikisha hapo ni safari yetu ya Kigamboni, Jumamosi iliyopita, kwa hiyo nianzie huko.

Tulikuwa akina mama 11. Tulivuka kwa pantoni pale Feri na viroba vyetu: sabuni za mche, sukari, unga wa sembe, mafuta ya kujipaka, na doti chache za khanga. Tulipofika kwenye yale makazi ya wazee tuliimba, tukaomba, tukagawa. Mzee mmoja, aliyekuwa fundi cherehani Kariakoo kwa miaka mingi, alipokea mche wake wa sabuni kwa mikono miwili, akashukuru, kisha macho yake yakashukia gauni langu. Akasema, "Mama, pindo limeachia hapo nyuma. Una sindano nikushikizie?"

Nami, kwa heshima yote niliyolelewa nayo, nikamjibu, "Usijisumbue baba, nitashona nyumbani. Wewe pumzika tu."

Mkono wake ulikuwa umeshanyooka. Akaurudisha, akauweka juu ya ule mche wa sabuni, na hakusema neno tena mpaka tukaaga.

Tukiwa katikati ya maji, nimebanwa kati ya bajaji na mama mwenye tenga la nyanya, ndipo ikanijia methali tunayoijua wote: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku zote nimeisikia ikisemwa na wenyeji waliochoka na mgeni. Siku ile niliisikia kwa sikio la mgeni mwenyewe. Maana ukishapewa jembe umeonyeshwa shamba, umejua njia ya kisimani, na kesho ukichelewa utagombezwa kama wenzako. Mgeni hagombezwi. Mgeni huletewa maji ya kunawa, akaulizwa kama ameshiba. Yule baba ana miaka minne pale, na sisi tunaokwenda kumtembelea kila mara tunamrudisha siku ya kwanza.

Nilipofika nyumbani nilifungua Yeremia 29. Mstari wa 11 tumeuandika kwenye kadi za harusi na kwenye kuta za sebule. Lakini rudini mkasome mstari wa kwanza, mwone barua ile ya nabii Yeremia iliandikiwa nani. Wa kwanza kutajwa ni wazee waliosalia katika mateka. Watu waliozaliwa Yerusalemu, wenye makaburi ya wazazi wao Yerusalemu, sasa wako Babeli. Na mstari wa 10 unawaambia miaka ni 70. Fikiri una miaka 60, unasomewa barua hiyo. Hesabu haihitaji kalamu: huto­rudi. Utazikwa huko huko.

Sasa Mungu anamwambia nini mtu huyo? Ningekuwa mimi ningemwambia apumzike. Mungu anasema, "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Anawapa jembe. Halafu anawaambia wauombee mji ule ule walioletwa bila kupenda, kwa kuwa katika amani ya mji huo wao nao watapata amani. Ndipo tu, baada ya bustani na baada ya maombi, unakuja ule mstari wetu tunaoupenda, nao katika Kiswahili chetu unamalizia kwa kuahidi tumaini "siku zenu za mwisho". Nimeusoma tangu Sunday school na sikuwahi kuyapa maneno hayo uzito wake. Siku za mwisho. Za mtu anayejua hatarudi kwao. Hata hizo Mungu anaziwazia, na ndani yake ameweka kazi.

Tazameni pia pale msalabani. Bwana wetu anakata roho, anapanga habari za mama yake. Mara zote tunamhubiri Yohana, aliyempokea Mariamu nyumbani kwake. Lakini neno la kwanza Yesu alimwambia mama: "Mama, tazama, mwanao." Kabla kijana hajaambiwa atunze, mama ameshapewa mtoto wa kulea. Mariamu hakuingia nyumba ile kama mzigo uliobebwa. Aliingia kama mama mwenye nyumba yenye mtoto.

Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kusoma, kwa sababu mama yangu alikuwa chumba cha pili, amekaa kitandani, mikono mapajani.

Mama tulimchukua Usangi, Upareni, mwezi wa pili, baada ya kuanguka. Ana miaka 81. Nilimwandalia chumba chenye feni, godoro jipya, na dada wa kumsaidia. Wiki ya kwanza aliingia jikoni akachukua kisu amenye mihogo. Nikakitoa mkononi mwake. Akataka kuloweka mahindi ya makande, nikamwambia dada atafanya. Akachukua ufagio, nikamwambia, "Mama, majirani watasema nakutesa." Miezi imepita, na begi lake bado liko nyuma ya mlango, limefungwa kwa khanga. Kila nguo anayoivaa anaitoa humo, ikifuliwa anairudisha humo. Kabati nililomnunulia ni tupu. Nimekuwa nikilisemea begi lile kwa uchungu, namwambia ndugu zangu kwamba mama hana shukrani. Mungu anisamehe. Mama amebaki amefunga begi kwa sababu mimi nimemweka ugenini.

Wapendwa, naomba niseme jambo na mlipokee kwa upendo. Sisi tunawapenda wazee wetu, lakini tunawapenda kama watu wanaosubiri. Serikali katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliandika kwamba kumtunza mzee kwenye makazi iwe njia ya mwisho, mahali pake kwanza ni kwenye familia na jamii. Basi aliyefika pale ng'ambo amefikishwa mwisho wa njia za wanadamu. Halafu sisi tulio na Injili tunamfikia na sabuni, tunapiga naye picha, tunawahi pantoni. Sabuni ni njema, tuendelee kuipeleka. Lakini ni lini tuliwahi kumwomba mmoja wao atuombee sisi? Ni lini tulipeleka kijana wetu anayetaka kuoa akakae chini ya yule baba amsikilize? Zaburi ya 92 inasema "watazaa matunda hata wakati wa uzee". Tumeimba zaburi hiyo, na mtu akitaka kuzaa tunda tunamwambia apumzike.

Hata humu kanisani. Mtu akistaafu akiwa na 60, mwaka unaofuata tumemtoa kwenye kamati kwa maneno mazuri ya kumpunguzia mzigo. Wapo wastaafu waliochukua kiinua mgongo wakajenga Chanika na Bunju, nyumba nzuri, na mlango haubishwi hodi wiki nzima. Hao nao tuwape jembe.

Najua yuko atakayeniuliza, na je, mzee akikataa? Barzilai, yule mzee wa kwenye 2 Samweli 19, alikataa. Alikuwa na miaka 80, Daudi akataka kumchukua Yerusalemu ale mezani pa mfalme, naye akaomba aachwe afie kwao, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Mfalme hakumlazimisha. Alimbusu, akambariki, akamwacha arudi. Kwa hiyo tuwaulize. Mimi sikumwuliza mama hata mara moja.

Na ninyi wazazi wetu mnaosoma haya, mlioko kwa watoto, na mlioko kwenye makazi: mkinyang'anywa kisu, kidaini. Mwambieni mtoto wenu kwamba nabii Yeremia amewapa ruhusa. Ombeeni nyumba mliyomo, hata kama hamkuichagua.

Jumatano nilivuka tena peke yangu, na gauni lile lile, sindano na uzi. Nilimtungia uzi kwa sababu macho yake hayaoni tundu. Alishona taratibu, karibu saa nzima kwa pindo la shubiri mbili, akaukata uzi kwa meno, akaniambia nilishonewa na fundi mvivu. Kisha akauliza, "Na hao wenzako, hawana zilizochanika?"

Jioni ile nilimpelekea mama ungo na mchele, nikamwomba auchambue, maana dada anaacha mawe. Akaukokota mkeka mpaka barazani. Amemgombeza dada, na mimi amenigombeza kwa kununua mchele wa namna ile. Begi bado liko nyuma ya mlango. Sijaligusa, wala sijamwuliza. Mniombee nipate ujasiri wa kumwuliza kama anataka kurudi Usangi, na moyo wa kupokea jibu lake.

Jumamosi hii tunakutana Feri saa tatu asubuhi. Kila mmoja aje na nguo moja ya kushonwa, za watoto ndizo bora, na vifungo kama unavyo. Uzi mweusi na mweupe ninao. Mwenye uzi wa bluu alete, baba ameuagiza.