Ile "i" moja

Saa sita usiku, umeme umekatika tangu jioni, na mimi bado nabishana kichwani na mama mmoja wa Blantyre ambaye hata jina lake silijui.

Safari yenyewe mnaijua, nimeshaisimulia, ya kutoka Lubumbashi kwenda Malawi kusaidia walioathiriwa na kimbunga Freddy: Kasumbalesa, Ndola, Lusaka, Chipata, Lilongwe, wanafunzi wanne wa udaktari na maboksi ya glavu mapajani. Wiki hii yaya mkubwa (kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa) amepeleka mahari na matokeo ya mtihani wa marudio yametoka (nimepita, asanteni). Lakini akili imegandia kwenye chupa.

Ilikuwa siku ya tatu, katika shule ya msingi walikohifadhiwa watu wa Chilobwe, mtaa wa Blantyre, wale walioporomokewa na mlima usiku Freddy alipopita mwezi wa tatu 2023. Ubaoni bado kulikuwa na hesabu za kugawanya, chini mikeka bega kwa bega. Kipindupindu kilikuwa Malawi tangu Machi 2022, mwaka mzima kabla ya kimbunga, na kilishaua watu zaidi ya 1,700, kwa hiyo kila mtoto aliyeharisha tulimkimbilia. Kazi yetu wanafunzi ilikuwa klorini, kunawisha mikono, kunywesha. Sindano hapana.

Mtoto wa huyo mama alikuwa na miaka kama miwili, macho yameanza kuzama. Nikadaka chupa ya maji, nikapasua pakiti ya SRO, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha, nikamimina unga wote, nikatikisa kwa madaha kama muuza juisi wa sokoni Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, si ile nchi). Chupa ilikuwa ya nusu lita. Pakiti moja ni lita moja. Hilo hata ukiniamsha usingizini nitakwambia. Maji yakiwa pungufu chumvi inazidi, na mtoto mdogo unamwongezea ugonjwa.

Mama alinitazama. Akanyoosha mkono, akanitoa chupa, akaimimina ndani ya chupa yake kubwa ya lita, akajazia maji aliyoyatia klorini mwenyewe asubuhi. Akachota kijiko. "Pang'ono, pang'ono," akamwambia mtoto, au labda aliniambia mimi. Kidogo kidogo: hapo hapakuhitajika mkalimani.

Kisha akasema maneno marefu, macho yakiwa kwenye kijiko. Mkalimani wetu, yule kijana wa Karonga aliyesoma Mbeya, akayafupisha: "Anauliza, dada, umekuja kujifunza kwetu?"

"Ndiyo, mama!" nikajibu. Na mkono kifuani. Na meno yote nje!

Tulipovuka Chipata kurudi ndipo lilipoanza kunikwaruza. Kujifunza kwetu. Yaani kwetu nyumbani, karibu mgeni? Au kwetu sisi, tukufundishe, maana tumeona hujui? Au hakusema kujifunza, alisema kujifunzia: sisi ndio daftari lako, uandike ufute? Ni "i" moja tu, na basi lilikuwa linanguruma, na kadiri ninavyoirudia sauti yake ndivyo ninavyoisikia na ile "i", halafu bila, halafu nayo tena. Maneno ya mama mwenyewe, yale ya Kichewa, yalipita masikioni mwangu kama upepo.

Nikamtumia yule kijana wa Karonga ujumbe wa sauti. Alijibu baada ya siku tatu, anacheka. "Dada, sikumbuki. Yule mama aliongea mengi." Halafu, kama vile hajaniua vya kutosha: "Kwani kujifunza na kujifunzia si kitu kimoja?"

Jumapili tulisimamishwa mbele ya watu. Makofi, vigelegele, Mama akiongoza. Nikaeleza kimbunga kilivyozaliwa karibu na Australia mwezi wa pili, kikavuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Madagaska, kikapiga Msumbiji mara mbili. Nikaeleza watu zaidi ya nusu milioni walioachwa bila makao. Nilieleza hata bei ya samaki Blantyre. Chupa sikuitaja. "Dokta wetu," baba mmoja akanishika mkono kwa mikono miwili, na sikumrekebisha pia.

Halafu Jumanne mdogo wangu Junior akaugua tumbo, mapera mabichi, mnamjua. Mama akaita toka uani: "Dokta wa Malawi, mgonjwa wako huyu!" Nikachukua chupa. Nikasoma lebo. Nikaisoma tena, nikaisogeza mlangoni kwenye mwanga, nikaisoma mara ya tatu.

"Yaya, ni maji tu hayo," Junior akasema.

"Nyamaza. Pang'ono pang'ono."

Akashika tumbo kwa kicheko, na tumbo likamkumbusha kazi, akakimbia chooni. Tangu siku hiyo nyumba nzima imepagawa na neno hilo. Jana Mama akinigawia bukari na sombe (ugali na kisamvu) aliuliza, mwiko juu, "Pang'ono?" Nikasema hapana, Mama, jaza. Nilicheka mpaka machozi, na kwa saa kama mbili hivi sikumkumbuka yule mama kabisa.

Sasa kuna jingine. Papa anarudi Ijumaa kutoka Kolwezi. Junior ameniungamia, kati ya kijiko na kijiko, kwamba ufunguo wa geti ulimponyoka chooni siku ile ile. Wa akiba anao Papa mfukoni. Tangu Jumanne tunafunga geti kwa waya, na Mama nimemwambia kufuli limeshika kutu.